Mpira, Mrija au Katheta? Historia ya Maneno ya Wodini na Afya ya Mgonjwa wa Tezi Dume

Imekuwa desturi yetu sisi tushughulikao na istilahi kudhani kwamba neno likishapatikana, likajadiliwa na kupitishwa, kazi imekwisha. Kifaa kimepewa jina, orodha imechapwa, walimu na wafasiri wamepelekewa nakala. Makala haya yanazitazama istilahi chache za hospitali ambazo zilipatikana zamani, ambazo kila muuguzi anazo kinywani, na ambazo hata hivyo zaweza kumdhuru mgonjwa. Ni istilahi zinazomhusu mwanamume aliyetibiwa saratani ya tezi dume akarudi kwao akiwa na mpira wa mkojo.

Nililianza jambo hili kwa sababu ya mjomba wangu, mvuvi mzee wa Lipingo. Lipingo ni kata iliyo ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Kutoka huko hadi Dar es Salaam, penye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Mjomba alitibiwa kwa mionzi na kwa dawa za kupunguza nguvu ya homoni ya kiume. Baadaye mkojo ukamfunga, akawekewa mpira, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya kutoka muuguzi kijana alimjia kitandani kwa adabu zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, mfuko huu wa mkojo uwe chini siku zote. Usiuinue."

"Nimesikia, mjukuu wangu. Utakuwa chini."

Akatimiza ahadi. Nyumbani Lipingo mfuko ulilala chini, yaani sakafuni, juu ya udongo, kuku wakipita, na kifuniko cha mdomo wake wa kutolea mkojo kikigusa ardhi. Siku ya tisa alishikwa na homa ya kutetemeka, ikabidi apakiwe katika mtumbwi wa mashine kwenda kutafuta hospitali. Alipona. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba sakafu ndiyo iliyoleta homa ile, kwa maana vijidudu vina njia nyingi za kumwingia mtu mwenye mpira. Lakini muuguzi alikuwa amekusudia kusema kwamba mfuko uwe mahali palipo chini kuliko kibofu, ili mkojo usirudi nyuma, na utundikwe bila kugusa sakafu. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo yote mawili. Mtoto huanguka chini, na kiti kiko chini ya meza. Mjomba alilichukua neno katika maana yake ya kawaida zaidi, na hakukosea Kiswahili.

Tuanze basi na historia ya maneno haya, maana bila hiyo hatutaona kwa nini mgonjwa husikia tofauti na asemavyo mganga.

Neno la kwanza ni tezi. Katika kamusi za awali, kama zile za A. C. Madan wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Kiingereza kwa Kiswahili ya 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1903, na baadaye ile ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa 1939, tezi ni uvimbe: uvimbe mgumu wa mwilini, na hasa ule wa shingoni. (Mabaharia wa pwani wana tezi nyingine, nayo ni sehemu ya nyuma ya chombo, ambayo mwenziwe ni omo, hiyo haituhusu hapa.) Walimu wa biolojia walipohitaji neno la kiungo kinachotengeneza na kumimina majimaji mwilini, walilichukua hilo hilo tezi na kulipa maana mpya. Kwa hiyo neno lililokuwa jina la maradhi likawa jina la kiungo kizima chenye afya. Hapakuwa na kosa katika hatua hiyo, maana ndivyo lugha zote zinavyokua. Lakini maana ya zamani haikufa kwa sababu tu kitabu cha shule kimechapwa.

Ndiyo maana hata leo mtu husema, "Baba yangu ana tezi dume," akiwa na huzuni, naye mwalimu wa sayansi humcheka na kumwambia kwamba kila mwanamume anayo. Mimi sioni sababu ya kumcheka. Msemaji ametumia tezi kama babu zake walivyoitumia. Madhara yanatokea mahali pengine. Kuna tezi dume iliyokua kwa uzee tu, jambo linalowapata wanaume wengi na lisilo saratani, na kuna saratani ya tezi dume. Zote mbili zaweza kuubana mkojo, na zote zaweza kumfikisha mtu kwenye mpira. Ikiwa kijijini yote huitwa "tezi dume", basi jirani aliyepata nafuu kwa vidonge atamshauri mwenye saratani ameze vidonge vile vile, na mwenye uzee tu ataandika wosia. Tena neno dume huwafanya wazee wengine wadhani inazungumzwa korodani. Wasiwasi huo hautoki hewani: tangu 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, kuondoa korodani kumekuwa mojawapo ya matibabu yake, na mahali penye uhaba wa dawa bado hufanyika. Mfasiri anayeandika "kuondoa tezi" na "kuondoa korodani" katika ukurasa mmoja bila kufafanua anawatia watu hofu ambayo angeweza kuwaepusha. Nchini Kenya wengine huandika tezi kibofu. Jina hilo lina sifa ya kuonyesha mahali kiungo kilipo, ila linaikaribia mno saratani ya kibofu chenyewe, ambayo ni maradhi mengine kabisa.

Wayunani waliotoa jina la kiungo hiki kwa lugha za Ulaya waliliunda kwa neno lenye maana ya asimamaye mbele, mfano wa mlinzi wa mlango. Nimewahi kutamani tungefuata njia hiyo. Lakini tezi dume imekwisha kuenea, imo redioni na magazetini, na Baraza halina haja ya kupigana na neno lililokwisha kushinda.

Saratani ina historia nyepesi zaidi. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani, na Wayunani na Warumi nao waliliita gonjwa hili kwa jina la kaa. Hapo kale watu wetu walisema donda ndugu kwa kidonda kinachoenea na kula nyama. Kansa ilikuja na Kiingereza, na hadi leo yapatana vizuri na saratani. Sijapata kuona mgonjwa aliyepotezwa na uwili huo.

Sasa tufike kwenye mpira.

Kifaa chenyewe ni cha zamani mno. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, ilipatikana mirija ya shaba nyeusi ya kutolea mkojo, iliyopindwa kufuata njia ya mwilini. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mapema katika karne ya 11, alieleza mrija wa fedha kwa kazi hiyo hiyo. Waganga wa Kiarabu hawakulitafsiri jina la Kiyunani lenye maana ya kitu cha kuteremshwa ndani. Walilitamka kwa ulimi wao, qathatir, wakaendelea na kazi. Nalitaja hilo kwa faida ya wenzetu wanaoona aibu kukopa. Kwa karne nyingi kifaa kilibaki cha madini, kigumu, chenye kuumiza. Mnamo 1752 Benjamin Franklin wa Marekani aliunda kimoja cha fedha kilichoweza kunyumbuka, kwa ajili ya kaka yake aliyekuwa mgonjwa. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19, mpira laini ulipoanza kutumika, na Auguste Nélaton wa Ufaransa ndiye ambaye jina lake limeambatana na mpira mwekundu. Katika miaka ya 1930 Frederic Foley wa Marekani alileta aina yenye puto dogo karibu na ncha: puto hujazwa maji baada ya kuingia kibofuni, na hivyo mpira haudondoki. Karibu kila mpira wa kukaa nao unaoonekana katika hospitali zetu ni wa asili hiyo.

Neno mpira, kwa upande wake, limesafiri njia yake. Kwanza lilikuwa utomvu na mmea unaoutoa. Kusini mwa nchi yetu, kabla ya Vita ya Majimaji ya 1905, mpira wa porini ulikuwa bidhaa kubwa iliyopelekwa katika bandari za Kilwa na Lindi. Kutoka kwenye utomvu likawa jina la kitu chochote kilichotengenezwa kwa utomvu huo: mpira wa kuchezea, mpira wa kumwagilia bustani, na mwishoni mpira wa mkojo. Nadhani hakuna kamati iliyokaa ikaliteua. Ni neno la wauguzi na wahudumu, waliokuwa na kitu cha mpira mkononi na mgonjwa mbele yao. Katika pwani ya Nyasa neno hili liliingia mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya dini wala ya dawa. Misheni ile ile ya Vyuo Vikuu, ambayo kule Unguja ilimtoa Askofu Steere na Madan wa kamusi, ilipofika ziwani ilifanya makao makuu Likoma na ikatumia Kinyanja. Hospitali yake ya Mtakatifu Anna iko Liuli. Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walishika Kiswahili, wakakichapa vitabu. Mzee wa Lipingo, basi, aweza kuwa amesikia habari za mwili wake kwa Kimpoto nyumbani, kwa Kinyanja kanisani, na kwa Kiswahili shuleni na wodini. Si ajabu kwamba hushika neno lenye kugusika kuliko lenye kuelezwa.

Hata hivyo mpira una matatizo yake. La kwanza ni la haya. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa nchini mwaka 1983 na kampeni za kinga zikafuata, "kutumia mpira" na "kuvaa mpira" kumekuwa na maana nyingine masikioni mwa watu. Mzee anayeambiwa mbele ya wakwe zake kwamba "atakaa na mpira wiki mbili" huinamisha kichwa. La pili ni kwamba vifaa vya siku hizi mara nyingi ni vya silikoni, wala si mpira, na wapo watu wachache ambao miili yao huukataa utomvu. Muuguzi anayeuliza kama mgonjwa hudhuriwa na mpira lazima ajue ni mpira gani anaoulizia.

Wengine wamependekeza mrija wa mkojo. Naupinga mrija. Njia ya asili itokayo kibofuni hadi nje nayo huitwa mrija wa mkojo katika vitabu vingi, na sentensi kama "mrija umeziba" itakuwa na maana mbili ambazo tiba zake ni mbali kabisa. Mpira uliozibwa na chumvi za mkojo au mabonge ya damu hufunguliwa kwa kuusafisha au hubadilishwa. Mrija wa mwilini uliosinyaa kwa kovu baada ya upasuaji au mionzi, na kwingine kwa kisonono cha zamani, huhitaji daktari bingwa. Katheta haina maana mbili. Ifae vitabuni, katika mitihani na katika vyeti. Mgonjwa aambiwe mpira wa mkojo, kwa maneno yote matatu, na asiambiwe mpira peke yake. Hilo latosha kuhusu jina.

Lakini, kama nilivyokwisha kudokeza, jina si penye hatari. Hatari imo katika maneno madogo yanayolizunguka. Nimelitaja chini. Lipo na sindano. Puto la mpira hutolewa maji kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kisha mpira hutoka kwa urahisi. Asipofanya hivyo mtu akauvuta, huchana njia ya mkojo na damu nyingi hutoka. Mgonjwa akiambiwa "tutautoa kwa sindano" huogopa kuchomwa, na wapo waliokimbilia kuuvuta wenyewe usiku ili kuepuka sindano ambayo haikuwapo. Lipo pia neno kuvuja. "Mpira ukivuja rudi hospitali," huandikwa. Mfuko uliotoboka huvuja; mkojo hupita pembeni ya mpira kibofu kinapokaza, au mpira unapoziba; na puto likipoteza maji yake mpira wote hutoka. Mambo hayo matatu hayana uzito mmoja, na mtu aliye saa nyingi mbali na hospitali anastahili kuambiwa lipi ni la kukodi chombo usiku na lipi ni la kusubiri asubuhi.

Maambukizi ndiyo neno lililonisumbua kuliko yote. Mzizi wake ni kumpa mwingine ugonjwa, na kampeni za UKIMWI zimeukaza zaidi. Muuguzi akimwambia mke wa mgonjwa kwamba "mzee ana maambukizi kwenye njia ya mkojo", mke husikia kwamba mumewe alitembea nje, au kwamba yeye naye ataupata. Tena neno hilo hufunika tofauti ambayo sayansi yenyewe huishika sana. Kwa kila siku ambayo mpira umekaa ndani, uwezekano wa vijidudu kuingia katika mkojo huongezeka kwa kiasi cha 3 hadi 7 kwa mia; mtu aliyekaa nao mwezi mzima karibu daima atakuwa nao. Kuwa navyo hakumaanishi kuugua, na mganga mwangalifu hatampa dawa kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa vijidudu huizoea dawa. Anayeugua ni yule mwenye homa, kutetemeka, maumivu ya kinena au kiunoni, au kuchanganyikiwa akili, na huyo haifai kusubiri. Kwa hali ya kwanza ningesema "vijidudu kuwapo katika mkojo". Kwa ya pili "ugonjwa wa vijidudu vya mkojo". Ni maneno mengi, najua. Wapenzi wa istilahi fupi watanisamehe.

Na iko damu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, vitabu na vikundi vya kusoma, ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Malaria, safura, kuhara, kifua kikuu na kichocho vikapata maneno yaliyotulia katika kila kijiji. Yalikuwa mafanikio makubwa ya Kiswahili, na maradhi ya wazee wanaume hayakuwa miongoni mwake. Ufukoni mwa Nyasa, ambako kichocho kimezoeleka, kukojoa damu kuna jina moja tu. Aliyepata mionzi aweza kukojoa damu miezi au miaka baadaye kwa sababu ngozi ya ndani ya kibofu imeungua. Mwenye mpira aweza kuona damu kidogo kwa msuguano. Na saratani yaweza kuwa imerudi. Wote watatu, wakiwa Lipingo, watatafuta dawa ya kichocho. Pengine kweli wanacho. Karatasi ya kurudi nyumbani inayosema tu "ukiona damu ni kawaida" au "ukiona damu rudi haraka" haimsaidii mtu wa pale, maana haikusema kiasi wala rangi wala mabonge, na haikulitaja lile jina analolijua.

Heshima nayo yaweza kumtia mtu hasarani. Wafasiri wetu hupenda "sehemu za siri", na mimi nimeitumia mara nyingi. Lakini asiyetahiriwa mwenye mpira lazima aambiwe kwamba baada ya kuosha, govi lirudishwe mahali pake, la sivyo huvimba na kukaba kichwa cha uume. Agizo hilo haliwezi kusemwa kwa "sehemu za siri". Vivyo hivyo baada ya mpira kuondolewa. Wengi waliopasuliwa hushindwa kuzuia mkojo kwa majuma au miezi, na kwa kuwa hatukuwapa neno la hali hiyo, nyumbani hupewa lile lililopo, kikojozi, neno la kumsuta mtoto. Kwa upande wa wanawake tumeona jinsi fistula ilivyoingia katika lugha ya kawaida, ikawaondolea wengi aibu ya majina mabaya zaidi. Kwa wanaume naona "kushindwa kuzuia mkojo" ni maelezo yanayofaa, ila bado si jina.

Nimeandaa karatasi moja ya maagizo kwa Kiswahili, nikaisoma mbele ya mjomba kabla ya kuileta kwa wenzangu wa Baraza. Pale palipokuwa na "mfuko uwe chini" sasa pameandikwa: "Tundika mfuko kwenye ubao wa kitanda, chini kuliko kiuno chako, usiguse sakafu." Nimeweka nafasi ya tarehe ya kuwekwa mpira, tarehe ya kuubadili, na namba yake. Namba hiyo, kwa wasioijua, ni kipimo cha Charrière wa Ufaransa, ambapo kila namba ni theluthi moja ya milimeta. Mpira namba 16 una unene wa milimeta 5 na kidogo, na mhudumu wa zahanati asipoijua hukisia.

Nilipofika kwenye puto, mjomba alinikatiza. Aliuliza puto lina kazi gani mle ndani, nikamweleza kwamba hujazwa maji ili mpira usitoke. "Mpwa wangu," akasema, "hiyo ni nanga. Ungesema nanga, nani angeivuta kamba wakati nanga haijang'oka?" Baraza litaamua kuhusu vitabu. Katika karatasi nimeacha puto, na pembeni yake nimeandika nanga.